Chachu Hukagua Umbo, Haikagui Kazi

Watu wengi wenye kisukari, wawe wa Mwanza, Mombasa au Bukavu, hujichoma kila siku protini ya binadamu iliyotengenezwa na chachu. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Novo ya Denmark, ambayo leo ni Novo Nordisk, imekuwa ikizalisha insulini kwa kutumia Saccharomyces cerevisiae, spishi ileile ya hamira tunayotia kwenye mkate na mandazi. Biocon ya India inatumia chachu nyingine, Pichia pastoris. Eli Lilly ya Marekani ilitangulia mwaka 1982 kwa njia ya bakteria. Simulizi inayowafikia wasomaji huwa fupi: jeni ya binadamu hupandikizwa kwenye seli, seli hukuzwa kwenye matangi, protini huvunwa. Si uongo, ila imeruka sehemu iliyowatoa wataalamu jasho kuliko zote.

Chachu ikishatengeneza protini ngeni haiitoi nje hivihivi. Huikagua kwanza. Inayopita hutolewa, inayokataliwa huvunjwavunjwa humohumo ndani na asidi amino zake hutumika upya. Kwa muda mrefu ukaguzi huo umechukuliwa kuwa kikwazo cha kuondoa njiani ili mavuno yaongezeke. Mimi naona kinyume. Pale chachu inapokataa, inatupa taarifa kuhusu protini yetu ambayo hakuna kompyuta wala kitabu kingetupa kwa uhakika uleule. Ila taarifa hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ndio kiini cha makala hii: chachu hukagua umbo la protini, haijui wala haiulizi protini hiyo itafanya kazi gani.

Njia ya kutoka ndani ya seli hadi nje ilianza kufahamika kijeni huko Berkeley, California. Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick walitafuta seli za chachu zinazoishi vizuri kwenye joto la chini, lakini zikipashwa hadi nyuzi 37 zinashindwa kutoa protini. Seli zilizoziba hivyo ziliendelea kujaa bila kutanuka, zikawa nzito kuliko wenzake, na uzito huo ukawa njia ya kuzitenga. Mwaka 1979 walieleza ya kwanza, sec1. Mwaka uliofuata orodha ikafika jeni 23. Schekman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Thomas Südhof, na sababu mojawapo ni kwamba mitambo aliyoikuta ndani ya chachu, kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyomo ndani ya seli zetu sisi.

Mpangilio wake ni huu. Protini inayotakiwa kutoka nje huanza na kipande cha asidi amino kinachoiambia seli iipeleke kwenye retikulamu endoplazimu, yaani ule mtandao wa utando uliotanda ndani ya seli; nitauita retikulamu kwa kifupi. Hupenya huko kupitia tundu linaloitwa Sec61 ikiwa bado uzi mnyoofu. Ndani yake hujikunja kupata umbo. Kisha husafiri kwa vifuko vidogo hadi Golji, kituo cha seli cha kupanga mizigo, na kutoka Golji hadi ukingo wa seli. Kwa protini za kigeni, kipande cha kuanzia kinachotumika mara nyingi kimekopwa kwenye feromoni alpha ya chachu yenyewe, ujumbe wa asidi amino 13 ambao seli za jinsia moja hutoa ili kuziita za jinsia nyingine. Jeni yake ilielezwa na Janet Kurjan na Ira Herskowitz mwaka 1982. Protini inapofika Golji, kimeng'enya Kex2 hukata kipande hicho cha kuazima mara baada ya asidi amino mbili, lisini na arginini, na protini yetu hubaki peke yake.

Hapo ndani ya retikulamu ndipo ukaguzi wa kwanza unafanyika. Protini iliyojikunja vizuri huficha kwa ndani sehemu zake zinazochukia maji. Isiyojikunja huziacha wazi, na protini inayoitwa BiP, ambayo kwenye chachu hutokana na jeni KAR2, hushika sehemu hizo na kuziachia, ikaishika na kuiachia tena, mpaka umbo likae. Pdi1 hushughulikia madaraja ya salfa yanayofunga sehemu mbili za uzi pamoja: huyajenga, na yaliyofungwa mahali pasipostahili huyafungua yapangwe upya. Protini nyingi pia hubandikwa tawi la sukari 14. Tawi hilo si pambo, kwani hupunguzwa sukari moja baada ya nyingine kadiri protini inavyokaa mle ndani. Glukosi tatu hutoka kwanza. Baadaye kimeng'enya Mns1, kinachofanya kazi polepole, huondoa manosi moja, aina nyingine ya sukari. Protini ambayo bado haijajikunja kufikia hapo huangukia mikononi mwa Htm1, ambacho huondoa manosi nyingine na kuacha alama inayosomwa na protini Yos9. Alama hiyo ikisomwa kwenye protini ambayo bado imeacha sehemu zake wazi, hukumu imepita: hurudishwa nje ya retikulamu kupitia protini ya utando Hrd1, hubandikwa ubikwitini, yaani alama ya kuvunjwa, huvutwa na protini Cdc48 na kuingizwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kuvunja protini.

Mengi kati ya haya yalijulikana kwa kuifuata protini moja mbovu, CPY*, aina yenye hitilafu ya kimeng'enya cha kawaida cha vakuoli ya chachu, ule mfuko wa ndani ambamo seli huvunjia vitu. Maabara ya Dieter Wolf kule Stuttgart ilionyesha mwaka 1996 kwamba CPY* huingia kabisa ndani ya retikulamu, kisha hutolewa tena kwenda kuvunjwa kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli ulio nje ya retikulamu. Kabla ya hapo wengi walidhani uvunjaji unafanyika mlemle ndani.

Si chachu zote zina utaratibu uleule. Schizosaccharomyces pombe, iliyotengwa kutoka pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki na kupewa jina na Paul Lindner mwaka 1893, ina kimeng'enya ambacho hamira haina. Armando Parodi wa Buenos Aires, ambaye ndiye aliyekigundua kimeng'enya hicho, alionyesha kwamba hubandika glukosi upya kwenye protini isiyojikunja sawasawa na hivyo kuipa nafasi nyingine ya kujaribu. Seli za binadamu nazo zina kimeng'enya hicho. Hamira hukosa hatua hiyo. Kwa hiyo protini ya binadamu inayohitaji muda mrefu na majaribio mengi inapopelekwa kwenye hamira, inapelekwa kwa mkaguzi mwenye subira ndogo kuliko yule wa nyumbani kwake. Ninashangaa jinsi jambo hili linavyopewa uzito mdogo watu wanapochagua chachu ya kutumia. Mara nyingi huchaguliwa ile ambayo maabara imeizoea.

Subira hiyo ndogo inaonekana hata kwa protini zisizobandikwa tawi la sukari 14. Davis Ng na wenzake wa Singapore waliipeleka ndani ya retikulamu ya chachu ile protini ya kijani ya samaki-jeli inayong'aa, GFP. Humo hujikunja kwa shida. Mwaka 2013 walionyesha kwamba vimeng'enya Pmt1 na Pmt2 huibandika manosi na kuizuia isiendelee kujaribu. Vimeng'enya hivyo vikiondolewa, GFP nyingi zaidi hujikunja na kung'aa. Maana yake ni kwamba kiasi cha GFP iliyotupwa kilikuwa na uwezo wa kufika; kilinyimwa muda tu.

Seli nayo haikai kimya ndani yake kunapojaa protini zisizojikunja. Peter Walter wa San Francisco na Kazutoshi Mori wa Kyoto, kila mmoja kwa njia yake, waligundua jinsi habari zinavyotoka kwenye retikulamu hadi kwenye kiini. Protini Ire1 imekaa katikati ya utando, upande mmoja ndani ya retikulamu na mwingine nje. Ikihisi msongamano, hukata kipande cha herufi 252 kutoka kwenye ujumbe wa RNA wa jeni HAC1. Kimeng'enya ambacho kazi yake ya kawaida ni kuunga RNA za uhamisho huunganisha ncha zilizobaki, na ujumbe uliokuwa umezuiwa huanza kusomwa. Hac1 huingia kwenye kiini na kupandisha kazi ya jeni karibu 400, kati ya takriban 6,000 za chachu: wasaidizi wa kukunja, vijenzi vya utando, mitambo ya kuvunja, hata ya kusafirisha. Uzalishaji wa protini moja ngeni unaweza kuibadilisha seli nzima. Anayedhani ameongeza jeni moja tu amesahau hilo.

Hayo ni ya retikulamu. Kuna ukaguzi wa pili mbele yake, na huu ndio uliochelewa kutiliwa maanani. Kuna protini ndogo ya kongosho la ng'ombe inayoitwa BPTI, asidi amino 58 na madaraja matatu ya salfa. Dane Wittrup na wenzake waliitumia kwa miaka mingi kupima chachu. Walipoondoa madaraja yake mojamoja, kiasi kilichotoka nje ya seli kilipungua sambamba na uimara wa umbo, kama walivyochapisha mwaka 1998. Hapo mtu angehitimisha kwamba zile dhaifu zimekamatwa kwenye retikulamu. Lakini mwaka 2004, Jeffrey Brodsky wa Pittsburgh na wenzake, Wittrup akiwemo, walionyesha kwamba BPTI yenye hitilafu hupita retikulamu, husafiri, na hatimaye huvunjwa kwenye vakuoli. Kwa hiyo Golji nayo ina njia ya kugeuza mzigo kwenda kuharibiwa. Mhandisi anayeongeza wasaidizi kwenye retikulamu kwa protini inayopotelea Golji anatibu mguu usiouma.

Sasa turudi kwenye insulini, maana ndiyo inayonifanya niamini kwamba suala hili si la maabara peke yake. Mwilini, insulini huanza kama uzi mmoja, proinsulini, wenye mnyororo B wa asidi amino 30, mnyororo A wa 21, na kipande C katikati ambacho hukatwa baadaye. Chachu haikuipokea vizuri proinsulini. Mwaka 1986 Lars Thim na wenzake wa Novo walichapisha suluhisho lao: mnyororo B usiokuwa na asidi amino ya mwisho, ukaunganishwa na mnyororo A moja kwa moja au kwa daraja fupi sana. Uzi huo mfupi chachu iliukunja na kuutoa. Baada ya kuvunwa hukatwa kwa kimeng'enya tripsini nje ya seli, na treonini iliyokosekana kwenye nafasi ya 30 huongezwa hapo. Insulini iliyomo kwenye kichupa ni ya binadamu kamili, ila kile chachu ilichokubali kukitoa ni kitu ambacho hakijawahi kuwepo ndani ya binadamu yeyote. Wataalamu hao hawakuilazimisha chachu. Waliangalia imekataa nini, wakabadilisha mchoro.

Hata hivyo kilichotoka hakikuwa chote. Mwaka 2001 Peter Arvan na wenzake, akiwemo Thomas Kjeldsen wa Novo Nordisk, walichapisha uchunguzi wa mahali insulini inapopotelea. Walitumia uzi mmoja wa insulini uliounganishwa na kipande cha feromoni alpha. Walitafuta seli zenye hitilafu za kijeni zinazotoa insulini nyingi zaidi, wakapata sita, na tano kati yake zilikuwa na hitilafu kwenye jeni za njia ya vakuoli. Kwenye chachu ya kawaida insulini ilikuwa ikipelekwa vakuoli. Walishuku Vps10, kipokezi cha Golji ambacho hujulikana kwa kugeuza mizigo kwenda huko. Wakaiondoa. Hakuna kilichobadilika. Walipoondoa Kex2, kile kimeng'enya kinachokata kipande cha kuazima, mzigo wote uligeuka ukaenda nje, lakini ukiwa haujakatwa. Tatizo lilianza baada ya kukatwa. Insulini iliyoachwa huru ilianza kushikana na wenzake makundi kwa makundi, na makundi hayo ndiyo yaliyokuwa yakienda kuharibiwa. Walibadilisha asidi amino moja tu, histidini iliyo nafasi ya tano kwenye mnyororo B, ambayo husaidia insulini kushikana. Insulini ikakatwa kama kawaida, na sehemu kubwa yake ikatoka.

Tabia hiyo ya kushikana si kasoro ya insulini. Ndani ya kongosho, insulini hujipanga sita sita kuzunguka zinki na kuhifadhiwa kwenye chembe ndogo mpaka mtu ale na sukari ipande kwenye damu. Ni sifa ambayo mwili wa binadamu umeitunza kwa sababu nzuri. Ndani ya chachu sifa hiyohiyo ndiyo inayoifikisha protini mahali pa kuharibiwa. Chachu haina ghala la insulini. Ina vakuoli tu. Ni sawa na mwalimu anayesahihisha hesabu kwa kutazama mpangilio wa hatua alioufundisha yeye: mwanafunzi wa shule nyingine aliyepata jibu sahihi kwa hatua zake mwenyewe atapewa sifuri.

Na tusidhani kwamba seli za binadamu zina hekima zaidi katika hili. Ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, ulioenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa wagonjwa wengi hutokana na kupotea kwa asidi amino moja, fenilalanini ya nafasi ya 508, kwenye protini ya CFTR. Protini hiyo ikifanikiwa kufika kwenye utando wa nje wa seli hufanya kazi kwa kiasi fulani. Haifiki. Mkaguzi wa retikulamu huikamata karibu yote na kuivunja. Dawa zilizobadilisha maisha ya wagonjwa hao katika miaka ya karibuni, kama elexacaftor na tezacaftor, hushika protini hiyo na kuisaidia kukaa katika umbo ambalo seli itaikubali. Mgonjwa alikuwa akiumwa kwa sababu seli yake mwenyewe ilitupa kitu ambacho kingemfaa.

Basi tufanye nini na mkaguzi wa namna hii? Jibu la kwanza la wahandisi lilikuwa kuzidisha. Ongeza nakala za jeni, ongeza nguvu ya kuisoma. Parekh na Wittrup walionyesha mwaka 1997, kwa BPTI ileile, kwamba kuna kiwango ambacho ukikivuka, utoaji unashuka. Jibu la pili lilikuwa kuongeza wasaidizi, na hapa kuna mafanikio ya kweli. Mwaka 1994 Anne Robinson, Vikki Hines na Wittrup waliongeza Pdi1, na utoaji wa protini ya binadamu ya kukuza seli, PDGF-B, ukapanda mara kumi; fosfatezi ya S. pombe ikapanda mara nne. Lakini dawa hiyo haiponyi kila kitu. Watafiti wa Finland walipoongeza Hac1 mwaka 2003, amilezi ya bakteria ilitoka kwa wingi zaidi, wakati kimeng'enya cha kuvu Trichoderma hakikubadilika. Ni jambo linaloeleweka ukiuliza kila protini ilikuwa imekwama wapi. Usipouliza, utaiita bahati.

Jibu la tatu, kumwondoa mkaguzi, ndilo ninalolipinga waziwazi. Tazama tena zile seli za Arvan zenye njia ya vakuoli iliyoharibika. Kipimo cha kingamwili kilionyesha insulini imeongezeka nje ya seli. Ilikuwa imeongezeka kweli, ila sehemu kubwa ilikuwa mzigo ambao haujakatwa, insulini ikiwa bado imeng'ang'aniwa na kipande cha feromoni ya chachu. Anayepima wingi peke yake angesherehekea. Anayetaka dawa angejua kwamba amepata kitu kingine kabisa, na kwamba sasa lazima agharimie kukitenganisha na kile alichokitaka. Mkaguzi akiondolewa, kazi yake haifutiki. Inahamia kwenye mitambo ya kusafisha na, ikikosewa huko, kwenye damu ya mgonjwa.

Jibu linaloonekana kwangu kuwa la busara ni kumtumia. Mwaka 1997 Eric Boder na Wittrup walitengeneza njia ya kuzibandika protini ngeni kwenye uso wa chachu kwa kuziunganisha na Aga2, protini ambayo chachu hutumia kushikana wakati wa kujamiiana. Miaka miwili baadaye, Wittrup na wenzake wengine walipozijaribu aina nyingi za kipokezi cha seli T, ambazo ni seli za kinga, zilizoonekana kwa wingi usoni ndizo zilizokuwa imara zaidi dhidi ya joto, na ndizo zilizotolewa kwa wingi zaidi. Ukaguzi uliokuwa ukilaumiwa uligeuzwa kuwa kipimo: badala ya kusafisha na kupima mamia ya protini moja baada ya nyingine, unaiachia chachu izichuje, kisha unaokota zilizopita. Hapo swali la umbo linajibiwa na seli, na swali la kazi linabaki kwa mtafiti, ambaye huongeza kipimo chake cha kuona kama protini iliyopita bado inashika kinachotakiwa kushikwa.

Busara hiyohiyo iko kwenye chanjo ya Corbevax ya UVIKO-19, iliyotokana na kazi ya Maria Elena Bottazzi na Peter Hotez huko Houston na kuruhusiwa India mwezi Desemba 2021 ikiwa imetengenezwa na Biological E. Kipande cha virusi kilichotumika hutolewa na Pichia. Watafiti waliondoa asidi amino moja ambayo chachu ingeitundika sukari nyingi kupita kiasi, na wakabadilisha sisteini moja, asidi amino inayofunga madaraja ya salfa, iliyokuwa haina mwenza wa kufunga naye daraja, kwa sababu ingezifanya protini zishikane ovyo. Mabadiliko mawili madogo, yote yakijibu yale ambayo chachu hufanya. Baada ya hapo wakathibitisha kwamba kipande kilichobadilishwa bado kinashika ACE2, kipokezi ambacho virusi hushika kuingia kwenye seli zetu, na bado kinaamsha kinga. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo chachu isingeweza kuwafanyia.

Msomaji makini atasema kwamba si lazima protini itolewe nje. Ni kweli. Chanjo ya homa ya ini B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986, ya kwanza ya namna yake kwa binadamu kutoka kwenye chachu, haitolewi nje; seli huvunjwa na chembe za protini husafishwa kutoka kwenye uchafu wote wa ndani. Chanjo za malaria nazo ni hivyo. RTS,S hutengenezwa na hamira, na R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023, hutengenezwa na chachu iitwayo Hansenula polymorpha. Zote mbili zimejengwa juu ya protini ya homa ya ini B, ambayo hujipanga kuwa chembe hata kwenye chachu. Kilifi na Bagamoyo, ambako majaribio ya chanjo zote mbili yalifanyika, zinajua thamani yake. Lakini njia ya kuvunja seli inafaa kwa protini chache zenye bahati ya kujipanga zenyewe. Nyingi zinazohitaji madaraja mengi ya salfa hazina pa kuyapatia isipokuwa ndani ya retikulamu, na ukiingia retikulamu umeingia kwa mkaguzi.

Ndiyo maana suala hili linatuhusu. Umoja wa Afrika ulijiwekea mwaka 2021 lengo la bara kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zake kufikia mwaka 2040, wakati huo likiwa linatengeneza chini ya asilimia moja. Mazungumzo mengi ninayoyasikia ni ya majengo, mitambo ya kujaza vichupa na mikataba ya leseni. Vyote vinahitajika. Ila anayejaza vichupa kwa protini iliyotengenezwa kwingine anabaki kuwa mfungashaji, na anayepewa aina ya chachu iliyokamilika bila kuelewa kwa nini protini yake ilibadilishwa hapa na pale hataweza kuibadilisha siku ugonjwa utakapobadilika. Hata mamlaka zetu za kudhibiti dawa zinaguswa. TMDA ya Tanzania, ya kwanza Afrika kufikia kiwango cha tatu cha ukomavu cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, itazidi kupokea maombi ya insulini na kingamwili zinazofanana na za kampuni za awali. Mkaguzi wa dawa anayejua kwamba seli inaweza kutoa kwa wingi kitu ambacho hakijakatwa sawasawa atauliza maswali tofauti na yule anayesoma tarakimu za wingi na usafi.

Na utafiti wa namna hii hauhitaji kiwanda. Chachu hukua kwa sukari na chumvi chache. Upo mkusanyiko wa aina karibu 4,800 za hamira, kila moja ikiwa imeondolewa jeni moja, na maabara yoyote inaweza kuuagiza. Kwa kingamwili nzuri, jeli ya kutenganisha protini na uvumilivu, mwanafunzi wa uzamili wa Dar es Salaam, Nairobi au Makerere anaweza kuifuata protini moja na kuonyesha kama inapotelea kwenye proteasomu au kwenye vakuoli.

Protini za kufuata hivyo tunazo. AMA1 ya kimelea cha malaria ilibidi ibadilishwe sehemu ambazo Pichia ingezitundika sukari, kwa kuwa kimelea chenyewe hakizitundiki. Pfs25, inayotafutwa kwa ajili ya chanjo ya kuzuia mbu asipeleke malaria kwa mtu mwingine, ina sisteini 22 zinazopaswa kufunga madaraja 11, kila moja na mwenza wake halisi. Kimelea hufanya hivyo ndani ya tumbo la mbu. Chachu huombwa ifanye hivyo ndani ya tangi, na kwa kila molekuli inayokosea daraja moja, kuna swali ambalo bado halijajibiwa kikamilifu: ilikamatwa wapi, na je, kingamwili ambazo ingeamsha zingekuwa dhaifu kweli, au ilitupwa ikiwa bado inafaa?